Projekta imeanza kuzingua: utengeneze au ununue nyingine?

Kabla hujaikimbiza kwa fundi, chomoa waya zote za picha ufungue menyu ya projekta yenyewe, menyu ikitokea safi basi mara nyingi tatizo liko kwenye waya au laptop na unamsingizia asiyehusika.

Ikiwaka kidogo halafu ikajizima, mara nyingi ni joto tu. Ichomoe, iache ipoe, toa filta upulize vumbi, sikiliza pia kama feni inazunguka, na ukikuta vumbi limeganda hapo ndo ushampata mchawi. Picha imefifia? Angalia masaa ya taa kwenye menyu, taa nyingi za kawaida zinaenda masaa 2000 mpaka 5000 hivi, kwahiyo kama yako imefika huko badilisha taa tu (ile ya zamani usiivunje, ina zebaki ndani).

Sasa vile vidoti vyeupe vinavyoongezeka kila siku kwenye projekta za DLP (zinazotengeneza picha kwa chipu ya vioo vidogo vidogo), hiyo ni chipu hiyo inakufa, na madoa ya njano au bluu kwenye zile za LCD (zinazopitisha mwanga kwenye vipaneli vya picha) kawaida ni paneli au polaraiza, yaani kichujio cha mwanga, imeungua. Hapo ulizia bei ya kipuri pamoja na ufundi, ikivuka nusu ya bei ya mpya yenye uwezo uleule mi ningeachana nayo. Zile ndogo za bei chee ndo usihangaike kabisa, vipuri vyake kuvipata ni shughuli. Ila garantii icheki kabla hujagusa hata skrubu moja, watu wanasahau sana hii.