Urari Usipolingana: Namna ya Kulisaka Kosa

Mwanafunzi wa uwekaji hesabu anapojumlisha urari wake, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote, na kukuta debiti (upande wa kushoto) hailingani na krediti (upande wa kulia), aghalabu hushika ufutio na kuanza upya. Ni haraka isiyo na baraka, kwa sababu ile tofauti aliyoipata ndiyo inayoonyesha kosa lilipo.

Tuchukue duka dogo la rejareja ambalo tarehe 31 Desemba limeorodheshewa masalio yafuatayo kutoka kwenye leja, daftari kuu la akaunti. Upande wa debiti kuna fedha taslimu shilingi 180,000, benki 640,000, wadaiwa 350,000, manunuzi 1,450,000, kodi ya pango 420,000, mishahara 300,000 na samani 500,000. Upande wa krediti kuna mtaji 1,200,000, mauzo 2,180,000 na wadai 280,000. Debiti inafika 3,840,000 ilhali krediti ni 3,660,000, kwa hiyo pande hizi zimepishana kwa 180,000.

Kwanza rudia kujumlisha, safari hii kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa jicho lililokosea likishuka huwa rahisi kukosea tena palepale. Jumla zikibaki zilezile, tafuta kama kuna salio linalolingana na tofauti, kwani huenda limerukwa au limeandikwa mara mbili. Hapa fedha taslimu ni 180,000 kamili, na wengi wangeishia hapo wakidhani wamelipata kosa. Lakini salio hilo limeandikwa mara moja tu, na lingekuwa limerukwa, debiti ingepungua badala ya kuzidi.

Hatua inayofuata ni kugawanya tofauti kwa 2. Salio la krediti likiwekwa kimakosa kwenye debiti, upande mmoja huongezeka na mwingine hupungua kwa kiasi kilekile, ndiyo maana tofauti huwa maradufu ya salio lenyewe. Nusu ya 180,000 ni 90,000, na hakuna salio la kiasi hicho. Pamoja na hayo, hakikisha umewatenganisha wadaiwa na wadai, maneno ambayo huwachanganya hata wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni: mdaiwa wa duka anadaiwa na duka, hivyo ni mali na hukaa debiti, mdai analidai duka, hivyo ni deni na hukaa krediti.

Sasa gawanya kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, shuku kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, au kwamba sifuri imeongezwa au imeachwa. Sababu yake si mazingaombwe: 42 ukiigeuza ikawa 24 unapoteza 18, na 71 ikawa 17 unapoteza 54, kwa maana kila tofauti ya 1 kati ya tarakimu hizo inazaa 9. Tofauti yetu ya 180,000 ni 90,000 mara 2, kwa hiyo tunatafuta upande wa debiti kiasi ambacho tarakimu yake ya laki inaizidi ile ya makumi elfu kwa 2. Viko viwili tu: benki 640,000 na kodi 420,000. (Upande wa krediti ungetafuta kinyume chake, na hakuna kinachofaa.) Badala ya kukagua akaunti kumi, unafungua mbili, na katika leja unakuta salio la kodi ni 240,000. Kata kosa kwa mstari mmoja unaoacha tarakimu za awali zisomeke, andika sahihi juu yake, na debiti itashuka hadi 3,660,000.

Muda wa mtihani ukiisha kabla hujalipata kosa, usichakachue salio lolote ili pande zilingane. Iweke tofauti kwenye akaunti ya muda, upande uliopungua, ili msahihishaji aone kwamba unajua kuna kasoro.

Kulingana nako kusikulaze usingizi. Kanuni ya kuandika kila muamala mara mbili, aliyoieleza mtawa Luca Pacioli katika maandishi yaliyochapwa Venice mwaka 1494, inahakikisha usawa wa pande tu. Meza ya dukani ya 150,000 ikiingizwa kwenye manunuzi badala ya samani, urari utalingana bila tatizo, ila faida ya mwaka, kabla ya kuhesabu uchakavu, itaonekana pungufu kwa 150,000, na kosa hilo utaliona tu ukirudi kwenye ankara.