Namna ya Kusoma Majibu ya CA-125 kwa Mgonjwa wa Saratani ya Ovari

Mgonjwa anayepanda kilima cha Bugando, iliko hospitali ya rufaa jijini Mwanza, akitokea Ukerewe au Sengerema mara nyingi hufuatana na ndugu aliyebeba faili, na ndani ya faili hilo huwamo karatasi ya maabara iliyoandikwa, kwa mfano, "CA-125: 412 U/mL", huku pembeni kukiwa na kiwango cha kawaida, yaani chini ya 35. Ndugu huyo hugawanya 412 kwa 35, huona kiwango kimezidi karibu mara kumi na mbili, kisha huamua moyoni kwamba mama yake ana siku chache. Hesabu yake ni sahihi, ila uamuzi wake hauna msingi.

CA-125 ni protini iliyotambuliwa na Robert Bast na wenzake nchini Marekani mwaka 1981. Chembe nyingi za saratani ya ovari huitoa, lakini hata utando unaofunika viungo vya tumbo huitoa kila unapochokozwa. Kwa hiyo anza kwa kuuliza ni nini kingine kingeweza kuipandisha: hedhi, ujauzito, fibroidi, endometriosisi (tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake) au maambukizi ya nyonga. Kwetu huku ziwani orodha haikomei hapo. Kifua kikuu cha tumbo huweza kujaza maji tumboni na kuipandisha namba hadi mamia, kikafanana mno na saratani. Kichocho cha miaka mingi nacho, kikishaharibu ini hadi tumbo likajaa maji, huweza kuipandisha vilevile. Kinachothibitisha saratani ni kipande cha nyama kilichochunguzwa na mtaalamu wa patholojia. Kumbuka pia upande wa pili: takribani nusu ya wagonjwa walio katika hatua ya kwanza huwa na CA-125 ya kawaida.

Daktari akiagiza HE4, kipimo cha protini nyingine ya damu, sababu yake mojawapo ni kwamba protini hiyo haipandishwi sana na endometriosisi, ingawa hupanda figo zinapodhoofika. Kwa wasichana, ambao aina zao za uvimbe ni tofauti, hupimwa viashiria vingine vya damu, yaani AFP, hCG na LDH.

Saratani ikishathibitishwa, tafuta daftari dogo na uandike tarehe, namba, jina la maabara, na dozi ya ngapi ya dawa za saratani. Jina la maabara si urembo: mashine hutofautiana, na namba za maabara mbili hazilinganishwi kwa uhakika. Usishtuke kipimo kikiwa juu katika wiki chache baada ya upasuaji, kwa sababu kisu chenyewe huuchokoza ule utando. Kinachosomwa ni mwendo. Daftari linaloonyesha 412, 150, 48 na 19 kufikia dozi ya tatu lina habari njema, kwani kurudi mapema kwenye kiwango cha kawaida huambatana na matarajio bora. Linaloonyesha 412, 390 na 340 linampa daktari sababu ya kufikiri upya. Hata hivyo, hatua ya ugonjwa na kiasi cha uvimbe kilichobaki baada ya upasuaji huamua mengi zaidi, hivyo muulize daktari wa upasuaji waziwazi kama kuna kilichobaki.

Baada ya matibabu, kwa mgonjwa ambaye namba yake ilikuwa imeshuka hadi kawaida, vipimo viwili vinavyofika 70 au zaidi kwa kawaida huashiria kwamba ugonjwa unarudi, pengine miezi kadhaa kabla ya dalili. Hapo wengi hudai dawa zianze siku hiyohiyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza na nchi nyingine uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kuanza dawa kwa sababu ya namba pekee hakukurefusha maisha kuliko kusubiri dalili, na walioanza mapema walipoteza mapema zaidi unafuu wa maisha yao ya kila siku. Kwa sababu hiyo mimi huona dalili zinastahili safu yake katika daftari lilelile: mama anayeshindwa kumaliza ugali aliokuwa akiumaliza, anayehisi tumbo limekaza, au ambaye gauni lake limeanza kumbana kiunoni, arudi kliniki kabla ya tarehe yake, hata kama namba ya mwisho ilikuwa 12.