Kikao cha kukosoana kazi studioni: sisi tunakiendesha hivi

Kikao chetu cha kwanza kiliuawa na neno "hongera". Tulikuwa sita, turubai nne za kuchorea ukutani, hongera kwa kila mtu, chai ikaisha, tukatawanyika. Tukabadili utaratibu.

1. Watu wasizidi wanane, kazi tatu, dakika ishirini kila moja. Leta kazi ambayo bado inaguswa. Iliyokwisha kupigwa vanishi na kutiwa fremu ibaki nyumbani.

2. Tundika usawa wa macho, kwa mwanga wa mchana, maana taa ya njano inadanganya rangi. Dakika mbili kimya: sogea karibu, kisha rudi nyuma hatua nne.

3. Kila mtu aseme anachokiona, si anachokipenda. Mwenye kazi yeye anaandika tu, hajitetei. Na aanze mdogo kuliko wote! Akianza yule mliyempa shikamoo mlangoni, waliobaki wataitikia tu. Dada mmoja alileta picha ya muuza samaki. Wiki nzima alikuwa amehangaika na uso. Kijana wetu mgeni akasema, "Jicho langu linakwenda kwenye ndoo ya bluu, linakwama hapo." Ile bluu ilikuwa imetoka kwenye tyubu moja kwa moja, bila kuchanganywa. Dada akaipoza kwa rangi ya chungwa kidogo, uso ukajitokeza bila kuguswa.

4. Sasa mwenye kazi aulize, kisha aulizwe. Swali lisibebe hukumu tumboni. "Mbona umeweka giza hivi?" hilo ni shambulio. Uliza, "Ulitaka mwanga utoke wapi?"

5. Maoni yanakuja mwisho, tena kwa kubisha hodi: "Nina maoni kuhusu mkono wa kushoto, unayataka?" Akikataa, basi. Utaratibu huu aliubuni Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, mwaka 1990. Mimi niliudharau nikidhani ni madoido, hadi siku niliyoona mtu mkali wa kikundi akikaribisha maoni kwa sababu tu aliombwa.

6. Mwenye kazi achague jambo moja la kurekebisha, aliandike kwa penseli nyuma ya turubai. Asishike brashi usiku huohuo. Kikao kijacho tunaanza na maandishi hayo.

Bei hazijadiliwi kikaoni. Hizo zinasubiri chai.