Utando Mweupe Kwenye Jicho la Mtoto wa Paka: Tazama Tumbo Kwanza

Mahindi yakishaingia stoo, panya hawako mbali. Kwa mkulima wa Masindi au Kiryandongo, Uganda, paka ni kibarua asiyedai mshahara. Basi mtoto wa paka akionekana na utando mweupe uliofunika nusu ya jicho, watu hukimbilia duka la dawa kununua matone. Mara nyingi pesa hiyo imepotea bure.

Utando huo haukuota jana. Kila paka anao: ni kope ya tatu, hukaa kwenye kona ya jicho upande wa pua, hulinda jicho na kusambaza machozi. Akisinzia utauona, akizinduka unarudi. Shida ni pale anapokuwa macho kabisa, anakutazama, na utando haurudi.

Hapo angalia: ni jicho moja au yote mawili?

Yakiwa yote mawili, acha macho, papasa tumbo. Nyuma ya jicho kuna mafuta. Paka akikonda au akikaukiwa maji, jicho huzama ndani na utando hujitokeza wenyewe. Kwa watoto wa paka wa shambani chanzo huwa mara nyingi minyoo na kuhara, na kuhara kwenyewe wakati mwingine tumekuleta sisi kwa kibakuli cha maziwa ya ng'ombe. (Najua, bibi huyatoa kwa upendo.) Yaache. Anayenyonya mwachie mama yake. Aliyeanza kula mpe maji safi na mukene (dagaa) wasio na chumvi, waliosagwa na kulainishwa kwa maji ya moto yaliyopoa. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 3 na hurudiwa kila wiki 2 mpaka aache kunyonya. Mpime kwanza, maana kipimo hufuata uzito, na dawa ya mbuzi si yake. Ufizi ukiwa mkavu na unanata, au akikataa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Viumbe hawa huisha haraka.

Wapo ambao kuhara kumekwisha, wanakula na kucheza, lakini utando unabaki wiki kadhaa. Hao huwa wanapona wenyewe.

Likiwa jicho moja, tafuta ndani ya jicho: pumba ya mahindi, au mkwaruzo wa kucha ya nduguye. Akilifumba, likitoa machozi au likiwa na ukungu, huenda kuna kidonda. Usitie matone ya mtu yaliyobaki nyumbani: yenye deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) huweza kukichimba kidonda mpaka jicho litoboke.

Tongotongo za manjano pamoja na chafya ni mafua ya paka, na huambukiza wenzake. Mtenge. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa futa kwa pamba, kila jicho na pamba yake. Dawa ya kupaka aichague daktari. Hata kichanga ambaye hajafumbua macho (hufumbua kati ya siku ya 7 na ya 14) huweza kujaa usaha chini ya kope. Ukiona zimevimba, usingoje zifunguke zenyewe.

Na bomba la dawa ya kupe liishie kwa ng'ombe. Paka mnyonge huwa na viroboto, mtu akaona amnyunyizie kidogo: permethrini, sumu ya wadudu iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, huua paka. Parasetamoli pia, hata nusu kidonge.