Wesnoth kwa anayeanza: angalia jua kabla ya kuvuta upanga

Wikendi iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu Umoja, hapa Nairobi, na laptopu ya mtumba aliyonunua Luthuli Avenue. Alitaka gemu ya vita isiyohitaji mashine kubwa wala bando za kila siku. Nikamwekea Battle for Wesnoth, gemu ya bure iliyoanzishwa na David White mwaka 2003 na ambayo watu wa kujitolea bado wanaiendeleza. Inachezwa kwa zamu: unasogeza askari wako wote, kisha adui anasogeza wake. Kufikia jioni alikuwa ameshindwa mara tatu mfululizo, kwa kosa lile lile lililonitesa mimi karibu mwezi mzima nilipoanza.

Hatua ya 1: Pakua

Ingia wesnoth.org, chukua toleo thabiti la mashine yako. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo tafuta waifai. Baada ya hapo kampeni zilizomo, yaani hadithi za vita vinavyofuatana, unazicheza bila intaneti. Na tafadhali nunua mausi, hata ya bei rahisi. Tachipedi itakufanya usogeze askari pasipostahili.

Hatua ya 2: Anza padogo

Cheza mafunzo yaliyomo ndani, usiyaruke. Kisha chagua kampeni ya A Tale of Two Brothers, ni fupi, kwa kiwango rahisi.

Hatua ya 3: Askari na vijiji

Kiongozi wako lazima asimame kwenye ngome ndipo aandikishe askari, nao hutokea kwenye vigae vya boma vinavyoizunguka (kigae ni kisanduku kimoja cha ramani, chenye pembe sita). Usibane dhahabu mwanzoni. Jeshi linalochelewa halisaidii. Wenye mbio watume wakateke vijiji. Kijiji kinakuletea dhahabu kila zamu, kinapunguza gharama ya kulisha jeshi, na askari aliyejeruhiwa akianza zamu akiwa ndani yake anarudishiwa pointi 8 za uhai.

Hatua ya 4: Jua

Hapa ndipo vita vinaposhindwa, kwa hiyo soma polepole.

Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, halafu zamu mbili za usiku. Pichani juu ya skrini utaona jua au mwezi. Kila askari ana upande wake. Binadamu wengi wa jeshi la kawaida ni watu wa mchana: asubuhi na alasiri mapigo yao yanaongezeka kwa asilimia 25, usiku yanapungua kwa asilimia 25. Maorki, viumbe wakali wa hadithi, na wafu ni kinyume chake. Alfajiri na magharibi, kati ya pande hizo mbili hakuna anayefaidika. Waelfi wengi, watu wa msituni wa hadithi, na vibeti wa milimani hawabadiliki saa yoyote.

Asilimia 25 inasikika ndogo. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, kwani tofauti ni kubwa hivyo?" Tukachukua karatasi. Askari wa mkuki, Spearman, anapiga 7 mara tatu. Orki wa kawaida, Grunt, anapiga 9 mara mbili. Mchana, mkuki ukipata zote unatoa 27 na orki anatoa 14, kila pigo likiwekwa kwenye namba nzima iliyo karibu. Usiku, mkuki unatoa 15 na orki anatoa 22. Ni watu wale wale, mahali pale pale. Zidisha hiyo kwa askari sita, ndipo utaelewa kwa nini jeshi lako liliisha kabla ya alfajiri.

Basi usiku rudi nyuma. Lakini kurudi nyuma kwenyewe ndiko kulikonilia masaa mengi, kwa sababu nilikuwa naanza kurudi giza likishaingia. Karibu kila askari anatawala vigae sita vinavyomzunguka. Ukiingia kwenye kigae kinachotawaliwa na adui, mwendo wako wa zamu hiyo umeisha. Kwa hiyo ukishabanwa na maorki watatu, utajikokota kigae kimoja tu, nao watakufuata wakikupiga. Anza kurudi alasiri, adui akiwa bado dhaifu na bado yuko mbali. Hata kama umebakiza adui mmoja mwenye uhai kidogo, mwache. Najua inauma.

Sheria hiyo hiyo inakulinda pia. Panga askari mstari, ukiacha vigae viwili wazi kati ya mmoja na mwenzake; adui wa kawaida hawezi kupenya kwa zamu moja. Wapo wachache wenye ujuzi wa kupita kwenye utawala huo, kwa hiyo gusa adui usomee sifa zake. Bonyeza Ctrl na V uone mahali ambapo adui anaweza kufika zamu ijayo. Mimi huibonyeza kila zamu, bila kukosa.

Tahadhari nyingine: mapangoni hakuna mchana. Ukiingia chini ya ardhi na watu wa mchana, usisubiri alfajiri, haitakuja. Huko tegemea vibeti.

Hatua ya 5: Ardhi

Simama mahali pazuri, adui asimame pabaya. Binadamu wa kawaida kwenye nyasi anakwepa asilimia 40 ya mapigo, kijijini 60, kwenye maji mafupi 20 tu. Mngoje adui akiwa mtoni, wewe ukiwa ukingoni.

Hatua ya 6: Stima ikipotea

Usiogope. Gemu inajihifadhi yenyewe kila zamu yako inapoanza. Stima ikirudi, fungua orodha ya michezo iliyohifadhiwa, chagua ya karibuni, endelea. Jumapili ilipotea kwetu tukiwa zamu ya tisa, na mpwa wangu akaanzia hapo hapo, alasiri, askari wake wote wakigeuka kuelekea ngome.