Somo: Pima mbegu za choroko kabla ya kujaza ekari nzima

Kila msimu huku Nachingwea naulizwa choroko ipi "inazaa". Ipime kwenye udongo wako. Chukua mbegu mbili zilizoboreshwa, Nuru na Imara, na ile ya kienyeji mnayotunza nyumbani. Bila hiyo ya kienyeji hutajua mavuno yamepanda au yameshuka.

1. Kata vijishamba vya mita 4 kwa 2, vitatu kwa kila mbegu, na nafasi zake zipigiwe kura. Ukipanga kwa jicho, utaipeleka unayoipenda penye rutuba. Kaa mbali na kivuli cha mikorosho.

2. Panda vyote siku moja, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ili maganda yakauke mvua zikipungua. Mistari 4 ya mita 4, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mimea. Palizi na dawa viwe sawa kote.

3. Andika siku nusu ya mimea ilipotoa maua, na siku ya mchumo wa kwanza.

4. Vuna mistari miwili ya katikati tu. Ya pembeni hunenepa kwa kukosa mshindani. Hapo una mita za mraba 4, na hesabu inakuwa tamu: kila gramu ya choroko kavu ni takriban kilo 1 kwa ekari. Gramu 310, kilo 310 hivi! Ila kila mchumo upimwe peke yake. Mimi naipenda mbegu inayokomaa karibu yote kwa pamoja kuliko inayoizidi kilo chache lakini inadai michumo minne. Wachumaji wanalipwa, jamani.

5. Loweka punje 100 usiku kucha, asubuhi hesabu zilizobaki ngumu kama changarawe. Kisha pika kila mbegu sufuria yake, waonjaji wasiambiwe ipi ni ipi.

MASWALI

– Mwalimu, mbuzi wamekula kijishamba kimoja. Nikadirie?
– Usikadirie, dada. Kifute, chukua wastani wa viwili vilivyobaki, na mbuzi waandike daftarini.

– Yenye punje kubwa si ndiyo bora?
– Sokoni inavutia macho, kweli. Lakini punje kubwa kwenye maganda machache haijazi gunia. Pima punje 1,000 za kila mbegu uone tofauti.

– Msimu mmoja unatosha, kaka?
– Hautoshi. Mvua ikichelewa kukatika, mbegu inayowahi huotea ndani ya maganda, na ya mwisho mwaka jana huongoza mwaka huu. Mimi hurudia misimu miwili, wa tatu ndipo napanda ekari.