Jinsi ya kuboresha makala ya Kisiwi kwenye Wikipedia ya Kiswahili, na kuomba yale usiyoweza kufanya mwenyewe

Makala nyingi za lugha ndogondogo kwenye Wikipedia ya Kiswahili zinafanana kama sare za shule: lugha fulani, nchi fulani, wasemaji wangapi, iko kundi gani, basi. Ukifuta jina ukaweka lingine hakuna atakayeshtuka. Hapa nachukua Kisiwi, lugha ya Kiberberi ya oasisi ya Siwa huko magharibi mwa Misri karibu na mpaka wa Libya, mana ndo niliyoanza nayo, ila utaratibu ni uleule hata ukitaka kushika Kikabyle cha Algeria au Kitamasheq cha Mali.

Kwanza fungua akaunti. Jina, nywila, na weka na imeili maana siku ukisahau nywila bila imeili umeshapotea. Usitumie jina la kampuni wala la taasisi. Ukishaingia, nenda ukurasa wako wa mtumiaji utengeneze ukurasa mdogo wa majaribio chini yake, uandikie huko kwanza. Wengi wanaruka hapa, wanaingia moja kwa moja kwenye makala wanaanza kufuta na kubandika, alafu wanashangaa kazi imerudishwa nyuma.

Mimi mwenyewe nilifanya kibaya zaidi ya hapo. Nilichukua makala ya Kiingereza nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, nikabandika yote kama ilivyo bila hata kusoma. Ikatoka kwamba nomino za Kisiwi zina msongo wa mawazo kwenye silabi ya mwisho. Wallahi! Ilikuwa ni mkazo wa sauti. Kesho yake yote imeondolewa, na nilipoisoma upya sikuwa na la kulalamika. Kutafsiri kunaruhusiwa kabisa, leseni ya Wikipedia inakubali, lakini utafsiri kwa kichwa chako, na kwenye muhtasari wa hariri (kale kasanduku ka kueleza ulichobadilisha kabla ya kuchapisha) useme umetoa makala ya lugha gani na uweke kiungo chake. Hilo ni sharti la leseni, sio hisani.

Sasa vyanzo, na hapa tulia, mana ndo kazi yenyewe. Kisiwi kimeandikwa kuliko unavyodhani. Msafiri Mjerumani Friedrich Hornemann alipita Siwa mwaka 1798 akaandika orodha ya maneno, W. Seymour Walker akatoa kitabu kizima mwaka 1921, na siku hizi kuna tasnifu ya mwanaisimu Lameen Souag ya chuo cha SOAS, London, ya mwaka 2010, inayoeleza jinsi Kiarabu kilivyoingia kwenye Kisiwi. Ukitaka kuandika sentensi tafuta kwanza ukurasa inapotoka, uweke tanbihi hapohapo mwisho wa sentensi, usiseme nitaongeza baadae, hutaongeza. Idadi ya wasemaji iende na mwaka wake na chanzo chake, namba tupu haina maana.

Alafu chagua cha kuandika. Usijaze mambo ya Aleksander Mkuu kwenda kwa kuhani wa Amun, mungu wa Wamisri wa kale, mwaka 331 KK, ni kweli alienda Siwa, lakini hayo yapeleke kwenye makala ya Siwa yenyewe. Na usiweke herufi za Tifinagh, yaani zile za kuandikia Kiberberi, kisa umeziona kwenye vibao vya barabarani vya Moroko, kule zimewekewa utaratibu rasmi tangu 2003, Misri ni habari nyingine. Msomaji wa Kiswahili mpe kinachomgusa. Kwa mfano hesabu: Kisiwi kimebaki na moja na mbili za asili, kuanzia tatu wanatumia za Kiarabu, na sisi wenye sita, saba na tisa tunaelewa hiyo hali vizuri tu. Au hiki ambacho mimi kilinimaliza kabisa: neno lao la "huyo" au "hicho" linabadilika kufuatana na unayemwambia, sio tu na kinachosemwa. Ukiongea na mwanamume unasema wok, ukimwambia mwanamke kitu kilekile unasema wom, na wakiwa wengi kuna umbo lingine. Sisi tuna huyu, huyo, yule, tunapima umbali, wao wanamwangalia na msikilizaji. Aya moja ya namna hiyo yenye tanbihi inazidi kurasa tatu za kubandika.

Kwenye sanduku la habari, lile jedwali la pembeni juu ya makala, weka msimbo wa ISO, yaani herufi tatu za kimataifa za kutambulisha lugha, ni siz. Picha usichukue ovyo mtandaoni, tumia zilizopo Commons, ghala la picha huru la Wikipedia. Hakikisha jamii, yaani makundi ambayo makala imo, ziko chini ya makala, na kama makala haijaunganishwa na lugha nyingine iunganishe kupitia Wikidata, hifadhi ya data inayounganisha makala za lugha zote. Soma tena kwa sauti, andika muhtasari, chapisha.

Tuje kwenye kuomba. Kuna vitu akaunti mpya haikuruhusu, kama kuhamisha makala kwenda jina jingine, au kuhariri ukurasa uliofungwa. Pia kuna vitu unaweza kuvifanya lakini si busara kuvifanya kimyakimya, mfano kufuta sehemu nzima ya mtu. Hapo fungua ukurasa wa majadiliano wa makala, weka kichwa kipya cha habari, na uandike ombi linaloeleweka bila kuulizwa tena. Usiandike "makala hii ina makosa mengi naomba mrekebishe", hiyo hakuna atakayeishughulikia. Andika hivi:

"Naomba sentensi ya pili ibadilishwe. Sasa inasema Kisiwi ni lahaja ya Kiarabu. Kisiwi ni lugha ya Kiberberi iliyokopa maneno mengi ya Kiarabu. Napendekeza isomeke hivi: ... Chanzo ni hiki, ukurasa huu. ~~~~"

Hizo alama nne za mwisho ndo sahihi yako, zinageuka jina na tarehe zenyewe ukichapisha. Kisha subiri kama wiki. Jumuiya ni ndogo, watu wana kazi zao, usiandike ombi hilohilo sehemu tano. Wiki ikipita kimya, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa mmoja wa wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, msalimie, weka kiungo cha ombi lako, usilirudie lote. Akikataa atakupa sababu, mara nyingi ni chanzo hakitoshi, basi tafuta kingine urudi.

Mwisho iweke makala kwenye orodha yako ya maangalizi. Mtu akibadilisha ulichoandika usikimbilie kurudisha, muulize kwanza kwenye majadiliano ana chanzo gani, huenda kakuzidi.